Kijana wa Maji Maji, 1905, amevaa katambuga: riwaya zetu za kihistoria zinakwama wapi?

#1 MkandaMrefu
Wakuu salama?

Kuna jamaa yangu kanipa mswada wa riwaya yake ya vita vya Maji Maji dhidi ya Mjerumani niusome kabla hajaupeleka kwa wachapishaji. Kuandika anajua. Mapenzi yamo, ugomvi wa ukoo umo, ukianza huuweki chini. Lakini ukurasa wa pili tu, kijana wa Umatumbi mwaka 1905 amevaa katambuga, anatoa shilingi mbili, na anamwahidi mchumba wake kumpeleka Dar wakatembee Kariakoo. Mbele kidogo anasimama kifua wazi kwa akida wa Mjerumani: "Sisi Watanganyika tumechoka!"

Nikamwambia, ndugu yangu, katambuga huchongwa kwenye tairi la gari, na mwaka huo Umatumbi hakuna aliyewahi kuona gari. Kariakoo imepata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, na Mwingereza kaingia Dar Septemba 1916. Tanganyika kama jina la nchi ni 1920. Akanijibu kwa neno moja: "Msomaji hajali."

Mimi nabisha. Msomaji anajali, hata asiyejua mwaka wa Kariakoo anahisi kitu hakijakaa sawa, anafunga kitabu. Na kosa hili si la jamaa yangu peke yake, nimeliona kwenye riwaya zilizochapwa na hata tamthilia. Chanzo ni nini?

#2 Chumvi Nyingi
Nipo siti ya mbele. Kahawa chungu na kashata tayari.

#3 Karani wa Boma
Tuanze na fedha maana ndiyo inayoharibu wengi. 1905 hakuna shilingi. Ni rupia, na rupia moja ni heller 100. Kodi ya nyumba rupia 3. Mwingereza alipochukua nchi alianza na rupia yake, akapita kwenye florini kwa muda mfupi, shilingi ikaja 1921.

Na Dar ya 1905 ina vya kutosha kumwonyesha mchumba bila Kariakoo. Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri pale ufukweni yote mawili yalikamilika 1902. Ila asimpandishe treni. Reli ya kwenda Morogoro ndiyo kwanza ilianza kujengwa mwaka huo, ikafika Morogoro 1907. Kigoma ni 1914.

#4 bintiRufiji
Karani #3 uko sawa ila ongeza kitu. Heller ni ya 1904. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64. Kwa hiyo mwaka 1905 heller ni kitu kipya kabisa, mzee wa kijijini hesabu yake bado ni ya pesa. Mwandishi akimfanya mzee huyo ataje heller kwa ulaini kama amezaliwa nazo, tayari kapotea.

Kwetu kuna kisanduku cha marehemu bibi, ndani mna sarafu mbili nilizozichezea tangu utoto. Moja ni pesa ya shaba ya kampuni ya Wajerumani. Upande mmoja tai wao, umesuguliwa mpaka mabawa hayaonekani. Upande wa pili maandishi ya Kiarabu katikati ya shada la majani, na mwaka wa Hijria. Ya pili ni heller moja: taji upande huu, shada na neno Heller upande ule. Herufi za Kiarabu hakuna hata moja.

Sasa fikirini mtu wa pwani aliyesoma chuoni, anaandika barua zake kwa herufi za Kiarabu tangu ujana. Kwa miaka kumi na kitu pesa ya Mjerumani aliweza kuisoma. Ghafla 1904 analetewa sarafu asiyoweza kuisoma, na kodi inadaiwa kwa hiyo hiyo. Hapo una ukurasa mzima wa riwaya na hujataja vita bado.

#5 MkandaMrefu
Asante dada #4. Hicho ndicho nilichokuwa natafuta maneno ya kukisema.

#6 Mbishi wa Manzese
Ngoja niharibu sherehe. Mnataka riwaya au chumba cha makumbusho?

Nimesoma vitabu viwili vya watu wanaojiita watafiti. Mhusika hawezi kunywa maji bila kuambiwa kata ilichongwa kwa mti gani. Mtu anafiwa na mama yake, mwandishi kakazana kueleza bei ya sanda. Afadhali katambuga mara mia. Riwaya ya 1905 inaandikwa na mtu wa leo kwa watu wa leo, inazungumza kodi za leo na maakida wa leo. Shilingi mbili zinaeleweka. Rupia na heller unamtoa msomaji jasho bure.

#7 Mwl. Tumbaku
Mbishi una hoja nusu. Dada wa #4 hakutoa bei ya kitu, ametoa mtu anayeshindwa kusoma pesa yake mwenyewe. Ni tofauti na kupanga vyombo dirishani.

Kuhusu chanzo: nimefundisha historia sekondari muda mrefu na naona tatizo liko hapo. Mtoto wa kidato cha pili atakutajia sababu sita za Maji Maji na matokeo saba, usiku wa manane, bila kukosea. Muulize watu hao asubuhi walikula nini, hana habari. Mtama, mpunga, mahindi, mihogo? Nani alilima shamba la pamba la jumbe na nani alibaki kufukuza nguruwe kwenye shamba lake? Mtihani haujawahi kuuliza. Huyo mtoto ndiye anakuja kuwa mwandishi.

#8 Nahodha wa Mvita
Hamjambo nyote, salamu kutoka Mombasa.

Mimi langu ni bahari. Nimesoma hadithi, siitaji, jahazi latoka Maskati lafika Unguja mwezi wa Julai, tanga limejaa upepo, watu wapiga vigelegele. Upepo gani huo? Julai ni kusi, wavuma kutoka kusini, jahazi la Maskati lingekuwa larudi nyumbani. Vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, vikangoja kusi ndipo virudi. Ndiyo maana mji mzima ulikuwa na msimu wa wageni, msimu wa madeni, na msimu wa wake walioachwa.

Ukikosea upepo hujakosea kijambo kidogo. Mapenzi yote ya hadithi ile yalisimama juu ya mgeni aliyefika mwezi usiowezekana.

Na huku kwetu mambo ni yayo hayo. Kuna mchezo wa redio ulikuwa na mtu apanda gari la moshi Mombasa kwenda Nairobi mwaka 1895. Reli ilianza kujengwa 1896, ikafika hapo Nairobi 1899, na kabla yake palikuwa kinamasi cha Wamasai kunyweshea ng'ombe.

#9 Chumvi Nyingi
Nahodha, wewe ambaye feri ya Likoni unapanda umefumba macho?

#10 Nahodha wa Mvita
Chumvi, nyamaza, watu wazima wazungumza.

#11 Fundi Saa
Naongeza saa. Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash na manowari za Waingereza. Muda wa mwisho waliompa ulikuwa saa tatu kamili asubuhi, mizinga ikaanza dakika mbili baadaye, na haikufika saa moja kila kitu kimekwisha, Khalid kakimbilia kwa balozi wa Wajerumani.

Kuna mtu kaandika vita vile kwa Kiswahili, mizinga inaanza saa tisa. Kasoma 9 kwenye kitabu cha Kiingereza kaihamisha kama ilivyo. Halafu kaendelea kupaka rangi: jua la alasiri linaangaza madirisha ya jumba, watu wametoka kulala mchana. Kosa moja la saa limezaa kivuli cha uongo, usingizi wa uongo na sala ya alasiri ya uongo.

#12 Nyota ya Jaha
Fundi #11 kanikumbusha jambo ninalolipenda kuliko yote: mwezi.

Waandishi wetu wanapenda mbalamwezi. Kila shambulio la usiku lina mbalamwezi, kila wapenzi wana mbalamwezi. Lakini mwezi hauwekwi na mwandishi. Ulikuwa pale ulipokuwa, na unaweza kuupata.

Mfano ni huo huo wa Maji Maji. Shambulio kubwa la boma la Mahenge ni tarehe 30 Agosti 1905. Siku hiyo hiyo jua lilipatwa, tukio linalojulikana sana kwa wanajimu kwa kuwa lilionekana kamili Hispania na Misri. Jua hupatwa mwezi ukiwa haupo kabisa angani usiku. Maana yake wale maelfu waliosogea Mahenge usiku wa kuamkia shambulio walitembea gizani totoro, nyota tu. Ukiandika hivyo, hadithi inabadilika: watu wanashikana mabega, wanaitana kwa sauti za ndege, moto wa boma unaonekana kutoka mbali. Mbalamwezi ingekunyang'anya yote hayo.

Rudi nyuma kidogo. Kinjikitile, mganga aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Napo mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama. Kwa hiyo vita vyote vya mwezi ule wa kwanza vinaweza kufuatwa kwa mwezi wa angani: kifo cha Kinjikitile mwezi mchanga, shambulio la Mahenge mwezi umekufa.

Na Ramadhani ya mwaka ule ilianguka kama mwisho wa Oktoba, Idi mwisho wa Novemba. Ukiwa na mhusika Mwislamu wa Kilwa kwenye vita ile, Novemba nzima amefunga au ana sababu ya kutofunga.

#13 Mbishi wa Manzese
Nyota, nimekuvulia kofia, lakini shambulio lenyewe la Mahenge lilikuwa asubuhi. Mwezi unamhusu nani?

#14 Nyota ya Jaha
Soma tena mkuu. Nimesema usiku wa kuamkia. Hawakuota pale kama uyoga, walitembea.

#15 Karani wa Boma
Tahadhari ndogo kwa wanaokwenda kukokotoa. Mwezi mwandamo ni wa kuonekana, si wa hesabu. Kilwa wanaweza kuuona leo na kijiji cha bara wakauona kesho kwa sababu ya mawingu. Mwandishi asiweke tarehe ya Idi kama ya kalenda ya ukutani. Akiwaacha watu wabishane kama umeonekana au haujaonekana atakuwa salama zaidi, na ni kweli zaidi.

#16 Mjukuu wa Mfaranyaki
Mimi ni wa Songea, tarehe 27 Februari kwetu ni siku yenye uzito, ndiyo waliyonyongwa mashujaa wetu wa Maji Maji mwaka 1906.

Mnasema vitabu, vitabu. Sisi tulikuwa na wazee. Babu mdogo alitusimulia vita ile kana kwamba alikuwepo: njaa baada ya Wajerumani kuchoma maghala, watu kula mizizi, yote hayo yanalingana na kinachojulikana. Halafu katikati ya masimulizi hayo hayo anakuambia ndege ya Mzungu ilipita juu ya mlima na watu wakalala kifudifudi. Ndege 1905? Ndege ni za vita ya Mjerumani na Mwingereza, miaka kumi baadaye. Kwa babu, vita zote mbili zilikuwa kitu kimoja: Mjerumani alipita, chakula kikaisha.

Kwa hiyo chanzo kingine cha makosa ni hiki hapa. Mwandishi anakwenda kwa wazee kwa heshima, anarekodi, anaandika alivyosikia. Wazee hawadanganyi, ila miaka imelala juu ya miaka.

#17 bintiRufiji
#16 umegusa jambo kubwa. Ila mimi sioni kama ni kosa la kusahihisha. Kama msimulizi wa riwaya ni huyo babu mwenyewe, anasimulia akiwa na miaka themanini, ndege ipite tu. Ni yake. Kosa ni pale msimulizi asiye na jina, anayejua yote, anaporusha ndege 1905.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakakusanya masimulizi ya Maji Maji kwa watu walioyakumbuka. Humo utakuta wazee wanapingana kijiji kwa kijiji kuhusu maji yenyewe, yalitolewaje na mtu alikatazwa nini baada ya kuyanywa. Mwandishi mvivu anachagua moja. Mwandishi mzuri anawaachia wahusika wapingane.

#18 Dada wa Ng'ambo
Naandika kutoka Ujerumani. Mafaili ya ofisi yao ya makoloni yako kwenye hifadhi ya taifa Berlin, fungu la R 1001, na mengi yamewekwa mtandaoni, unayasoma bure ukiwa kitandani. Na Dar pale Upanga, Nyaraka za Taifa, kuna mafaili ya Kijerumani ya kwenu wenyewe. Mnalalamika hakuna vyanzo wakati vyanzo vimelala.

#19 Mwl. Tumbaku
Dada #18 usituonee. Vimelala kwa Kijerumani, tena cha mkono, ule mwandiko wao wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wanauangalia kama nyayo za kuku. Mwandishi wetu hajalipwa hata nauli ya daladala, nani atamlipia mkalimani?

#20 Dada wa Ng'ambo
Hilo la mwandiko ni kweli, mimi mwenyewe nilijifunza kwa shida. Ila magazeti ya wakati ule yamechapwa, hayakuandikwa kwa mkono, na kuna picha. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina mkusanyiko mkubwa wa picha za makoloni mtandaoni. Huhitaji Kijerumani kuangalia nyuma ya yule ofisa aliyekaa kitini: nani kabeba kiti, kavaa nini, mlango una kitasa au komeo, kuku wapo?

Onyo: picha nyingi zimepangwa. Askari wamefuliwa na kusimamishwa. Angalia pembeni mwa picha, huko ndiko hakuna aliyesimamishwa.

#21 Risasi Baridi
Nimechelewa, nipisheni kwenye bunduki. Kwenye tamthilia askari wa Mjerumani anamimina risasi kumi mfululizo. Bunduki ya askari wengi ilikuwa Mauser ya mwaka 1871: risasi moja, unafungua, unatoa ganda, unaweka nyingine. Na baruti yake nyeusi inatoa moshi mzito. Ukifyatua, mahali ulipo kila mtu anapaona. Hata 1914 vita na Mwingereza ilipoanza, askari wengi bado walikuwa na hiyo hiyo na moshi uliwaponza.

Upande wa pili mikuki, mishale na magobori ya kushindilia. Kilichowamaliza watu Mahenge si bunduki za askari, ni bombomu, mzinga wa risasi mfululizo. Mwandishi asipotofautisha hivyo viwili, hatajua kwa nini watu walikuwa na sababu ya kuamini maji. Mtu anayejaza risasi moja moja unaweza kumfikia ukikimbia.

#22 MkandaMrefu
#21 hiyo sentensi ya mwisho naichukua kwa jamaa yangu.

#23 Mama Kaniki
Wanaume mmejaza baruti na fedha, nguo hakuna aliyegusa isipokuwa hayo makatambuga.

Nguo ya kawaida ni merikani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa iliyokuja kwanza na Wamarekani Unguja, na kaniki nyeusi ya bluu. Kitambaa kilikuwa pesa pia, watu walilipana kwa shuka na doti. Kanga zilikuwepo pwani, lakini msiweke mwanamke wa bara ndani ndani huko 1905 amejifunga kanga mpya yenye jina kwa herufi za Kizungu, tena msemo uliotoka juzi. Maandishi ya kwanza ya kanga yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Nimesoma riwaya, bibi harusi wa 1890 kanga yake ina mafumbo kama ya kikoba cha mtaani kwetu. Nilicheka nikaiacha.

Na askari jamani mvalisheni tarbushi yenye kifuniko cha kaki, si helmeti ya Mzungu.

#24 Chumvi Nyingi
Mama Kaniki msemo gani huo? Tupia hapa tuone kama ni wa 1890.

#25 Mama Kaniki
Wewe mwanangu una mke, muulize huyo.

#26 Jembe la Msimbazi
Naomba nichangie kidogo nje ya Maji Maji. Kitabu cha wakati wa TANU, 1958, mzee anatoka mkutanoni anakwenda kushangilia Simba. 1958 timu ilikuwa Sunderland. Simba ni jina la 1971. Mimi ni mwanachama, iliniuma.

#27 Kandambili
Iliwauma kwa sababu mnakumbushwa mlikuwa na jina la Wazungu. Yanga tuko palepale tangu 1935.

#28 Jembe la Msimbazi
Kandambili usinivuruge, huu ni uzi wa watu wenye akili.

#29 Mwl. Tumbaku
Kabla hamjaugeuza uzi wa mpira. Mfano mwingine wa karibu: vita vya Kagera. Mswada wa mwanafunzi wangu wa zamani, Novemba 1978, familia ya Magomeni imekusanyika sebuleni inamwangalia Mwalimu kwenye televisheni akitangaza vita. Televisheni Bara imeanza 1994! Watu walimsikia redioni, wengi wamesimama nje kwa jirani mwenye redio.

#30 Kijiti cha Msasani
Mwalimu #29, taratibu. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Mjomba wangu alikuwa na antena juu ya mnazi, kukiwa shwari anakamata Unguja. Kwa hiyo familia moja inawezekana.

#31 Mwl. Tumbaku
Antena juu ya mnazi. Hizo ni hadithi za mjomba. Na hata kama ni kweli, hiyo ni nyumba moja yenye mjomba wa ajabu, na mwandishi angepaswa kutuambia. Yeye kaiweka kama jambo la kila nyumba.

#32 Kijiti cha Msasani
Mjomba yupo hai, nitamuuliza. Na waandishi wa kipindi hicho wasisahau ile marufuku ya magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana kwa sababu ya mafuta. Mapenzi mengi ya Jumapili jioni kwenye vitabu yanafanyika ndani ya gari ambalo polisi wangelikamata.

#33 Mbishi wa Manzese
Narudi. Nimesoma yote na bado sijashawishika kuwa mwandishi ndiye mkosaji. Riwaya inapita kwa watu wangapi? Mhariri, msanifu, mchapishaji. Rafiki yangu alichora ramani ya njia za misafara, akaweka na maelezo ya vipimo, frasila, pishi, kibaba. Mchapishaji, simtaji, akakata vyote kupunguza kurasa, halafu mhariri akabadilisha "rupia" kuwa "shilingi" ili kitabu kiuzike mashuleni. Jina linalotukanwa ni la nani? La mwandishi.

#34 Karani wa Boma
Mbishi, #6 ulisema shilingi zinaeleweka na rupia zinatoa jasho. #33 unamlaani mhariri aliyefikiri kama wewe. Chagua.

#35 Mbishi wa Manzese
Nimeandika #6 kabla ya kula.

#36 Mwanakwetu Bagamoyo
Kuna swali hamjaligusa: watu hawa wanaongea vipi? Kijana wa Umatumbi nyumbani kwao anaongea Kimatumbi. Mwandishi anampa Kiswahili cha taarifa ya habari, "kwa mujibu wa" na "changamoto". Upande mwingine wapo wanaomjaza Kiswahili cha kale mpaka hasomeki.

Kwa anayetaka kusikia sauti ya pwani ya wakati ule, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili zikachapwa 1903. Ndoa, ngoma, safari za bara, madeni, namna ya kumwamkia mkubwa, yote kwa Kiswahili cha mtu wa wakati huo huo. Si lazima uige. Soma kurasa chache kabla ya kuandika mazungumzo, sikio litakaa sawa. Na adhabu ya viboko iliitwa hamsa ishirini, ishirini na tano. Neno hilo likisemwa kibarazani pa boma, wahusika wote wananyamaza, huhitaji kueleza.

#37 Mjukuu wa Mfaranyaki
Sawa, ila Mtoro ni pwani. Ukimvalisha Mngoni wa 1905 adabu za Bagamoyo umefanya lile lile la katambuga, sema kwa hadhi. Bara haina Mtoro wake wa mwaka ule. Ndiyo maana tunarudi kwa wazee.

#38 Dada wa Ng'ambo
Au mashauri ya bomani. Watu wa bara wamo kwenye mafaili wakidai mbuzi, mahari, mipaka ya mashamba. Wamenukuliwa na karani aliyekuwa na haraka, lakini wamo.

#39 MkandaMrefu
Nimempelekea jamaa uzi mzima. Habari mbaya: sasa amepindukia. Sura ya kwanza mpya kijana hajatoka nyumbani bado, tumeshaelezwa kibaba ngapi ni pishi moja, jora lina urefu gani na mwezi uko wapi. Mbishi alitabiri.

Ila ana swali la kweli. Septemba 1905 anataka kumtuma mtu na barua kutoka Kilwa hadi Mahenge. Siku ngapi?

#40 Risasi Baridi
Msafara wa wapagazi wenye mizigo ulikuwa ukienda kilomita 20 hadi 25 kwa siku, mzigo wa frasila mbili kichwani, kama kilo 32. Tarishi asiye na mzigo anakwenda mara mbili ya hapo. Pima njia kwenye ramani, ongeza mizunguko, gawanya. Na siku ya kupumzika mwekee.

#41 Karani wa Boma
Hiyo ni hesabu ya amani. Septemba 1905 kati ya Kilwa na Mahenge kote kumeshika moto, Liwale imeshaanguka. Barua ya Mjerumani haipiti huko hata kidogo. Msaada uliofika Mahenge mwezi huo ulitoka Iringa, chini ya Kapteni Nigmann. Labda barua iwe ya upande wa pili.

#42 MkandaMrefu
Ni ya upande wa pili. Haijaandikwa, amekaririshwa.

#43 Karani wa Boma
Basi huyo anapita. Tena analishwa kila kijiji.

#44 Chumvi Nyingi
Na Kilombero atavuka na nini? Mto ule una mamba wa kutosha sura tatu.

#45 Mjukuu wa Mfaranyaki
Kilombero anavuka anayetoka Iringa au Kilosa. Wa Kilwa, akishapita Liwale, mto wake ni Luwegu. Septemba ni kiangazi, kina kimeshuka, mchanga mwingi.

#46 Chumvi Nyingi
Luwegu haina mamba?

#47 Mjukuu wa Mfaranyaki
Inao. Ila Septemba unawaona.